Ukuta wa Nyuma wa Mama Notburga

Jumapili moja baada ya Pasaka, tukiwa bado na nguo za kanisani, shemeji yangu Mansuetus alisimama katikati ya sebule ya mama yake na kutangaza kwamba Jumamosi angekuja na vijana kuibomoa nyumba. Alitangaza kwa sauti ile ile anayotumia vijijini anaponunua kahawa, akiwaambia wakulima kwamba kahawa yao haijakauka vizuri.

"Na mimi nikae wapi?" mama mkwe wangu akauliza.

"Kwangu, Mama. Mbinga mjini. Chumba kipo, bomba liko uani."

"Na mboga?"

"Utanunua sokoni."

Mama Notburga akanigeukia mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyesema. "Umesikia, Mama Glorious? Ninunue mboga. Nisimame mbele ya mtoto mdogo anifungie majani ya maboga."

Nilitaka kucheka, sikucheka. Mansuetus hakuwa mjinga wala hakuwa na roho mbaya. Mama yake alikuwa anakohoa tangu mvua zilipoanza. Alikohoa kwenye misa mpaka padri akasimama kidogo katikati ya mahubiri kumsubiri amalize. Hospitali walimpa dawa, kikohozi kikatulia, akarudi kulala chumbani mwake, kikaanza upya. Na chumba chake kilikuwa kimelowa. Ukuta wa nyuma, ule wa upande wa mlimani, ulikuwa na maji kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno, na ukungu mweusi ulikuwa umepanda mpaka dirishani. Godoro lake ukiligusa kwa chini lilikuwa na ubaridi wa pua ya mbwa.

"Hii ni nyumba ya mzee," akasema mume wangu, Erasmo. Yeye akitoa sentensi moja kwenye kikao cha ukoo, ujue amehutubia.

"Mzee aliijenga wakati wa ushirika," Mansuetus akamjibu. "Ushirika wenyewe uko wapi? Sasa kuna kampuni, kuna saruji madukani, kuna mabati ya kila namna. Kwa nini mama yangu alale ndani ya mtungi?"

Niseme ukweli: kama ukuta ule usingekuwa na dawa, mimi mwenyewe ningemfungia mama mkwe mizigo na kumpandisha kwenye pikapu ya mwanawe. Kifua cha mtu mzima si kitu cha kuchezea. Lakini nilijua pia kwamba mjini asingefika mbali. Mwanamke aliyeshika jembe tangu ana meno ya utoto, ukimketisha kwenye kiti uani kwa watu, anaanza kufa kuanzia miguuni.

"Shemeji," nikasema, "nyumba haibomolewi kwa sababu imelowa. Ingekuwa hivyo, kijiji chetu chote cha Litembo kingekuwa uwanja wa mpira."

"Imetengenezwa mara ngapi? Kila mwaka fundi, kila mwaka saruji."

"Imetengenezwa na watu waliokuja na jibu kabla ya kuuliza swali. Nipe mpaka hiyo Jumamosi. Nikishindwa kujua maji yanatoka wapi, njoo na mtaimbo wako, chai ya vijana nitapika mimi."

Alicheka na kukubali, kwa sababu hakuamini kwamba ningeweza, hata na diploma yangu ya ujenzi. Alipoondoka, mama mkwe alinigeukia.

"Sasa wewe umenitetea au umeniuza?"

"Bado sijajua, Mama. Ngoja nione ukuta."

Fundi wa nyumba ile aliitwa Meshack. Alikuwa mtu wa Lituhi, ziwani, aliyepanda huku milimani kampuni za watu binafsi zilipoanza kununua kahawa na kila mwenye shamba akataka baraza la saruji. Kwao alikuwa amezoea kujenga juu ya mchanga, mahali tambarare. Miaka yote aliyokaa kwetu hakuacha kutushangaa.

"Ninyi Wamatengo," alisema Jumatatu, akishuka kijia kwa visigino, karai kichwani, "huku kwenu hata kuku anahitaji breki."

"Na ninyi wa ziwani mmekula usipa mpaka akili zimeota magamba," mama mkwe akamjibu kutoka mlangoni. "Shikamoo yako umeiacha Lituhi?"

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ingia. Huo mfuko wa saruji uache nje. Mimi sasa nina saruji nyingi kuliko nyumba."

Hakutia chumvi. Meshack alikuwa na dawa moja kwa kila ugonjwa. Ukuta ukilowa, alipiga lipu ya saruji. Lipu ikibanduka, alipiga nyingine nene zaidi. Ukuta wa chumbani ulikuwa umenenepa mpaka kabati la nguo halikuingia tena mahali pake pa zamani, likahamia sebuleni, na wageni wakawa wanakunywa chai wakitazamana na kanga za mama mkwe.

Na hilo la ukuta lilikuwa afadhali. Kuna mwaka mlango wa chumba ulikwama wakati wa mvua, Meshack akaupiga randa mpaka ukafunga vizuri, akasifiwa, akala wali. Ilipofika Julai, mbao zikakauka na kunywea, ukabaki mwanya chini ya mlango ambao kuku alikuwa anapita bila kuinama. Mama mkwe aliamka asubuhi akakuta yai kwenye kiatu chake. Mwaka mwingine Meshack aliamua kwamba maji yanatoka kwenye bati, akapanda juu na kuongeza misumari. Kila msumari ni tundu. Sebule, ambayo haikuwa imewahi kuvuja tangu nchi ipate uhuru, ikaanza kuvuja.

"Leo hufanyi kazi," nikamwambia. "Leo unanijibu maswali na kunishikia ngazi."

"Mama Glorious, maji ni maji tu. Tupige lipu, tumalize."

"Maji yana njia. Ukishajua njia ndipo unajua pa kupiga."

Tulianza juu, kwa sababu juu ndiko kila mtu anakolaumu. Mchana mvua ilipokuja kwa nguvu, mimi na Meshack tuliingia darini na tochi, tukatambaa juu ya mbao za kenchi kama panya wawili waliokosana. Juu ya sebule tuliona matone yakishuka kwenye misumari yake, moja baada ya jingine, kwa utaratibu mzuri kabisa.

"Hiyo ni ya nani?" nikamuuliza.

"Ni ya zamani."

"Ni ya kwako. Twende mbele."

Juu ya chumba cha mama mkwe kulikuwa kukavu. Vumbi la miaka lilikuwa limelala juu ya mbao bila alama hata moja ya tone. Buibui alikuwa amejitandaza pembeni kabisa, juu ya ule ukuta wa nyuma, na utando wake ulikuwa mkavu.

"Basi si bati," Meshack akasema kwa huzuni, maana bati lilikuwa jibu lake la pili.

Mvua ilipokata tulikata vipande vya mpira wa tairi la baiskeli, tukaving'ang'aniza chini ya vichwa vya misumari, tukapaka lami. Sebule ikaacha kuvuja siku hiyo hiyo. Mama mkwe aliondoa beseni katikati ya chumba, akalitazama chini na juu, akaenda kukogea.

Siku iliyofuata tukaja kwenye mlango. Ulikuwa umekwama tena, safari hii upande wa juu. Meshack alikwisha kutoa randa kwenye begi. Nikamnyang'anya. Nilifunga jiwe kwenye uzi, nikauning'iniza mbele ya fremu, tukasubiri jiwe litulie. Uzi ulikwenda chini wima. Fremu haikwenda nao. Ilikuwa imeinamia nyuma, upande wa mlimani.

"Mlango hauna kosa," nikasema. "Nyumba inapiga goti kwa nyuma. Udongo wa chini ya msingi umelainika."

"Inasali," akasema Meshack.

"Itakuwa inakuombea wewe."

Kisha nikachukua nyundo na patasi na kuanza kubandua lipu chumbani, kuanzia sakafuni. Meshack alisimama nyuma yangu akipumua kwa shida, kama mzazi anayetazama mtoto wake akinyolewa vibaya. Lipu ilitoka vipande vipana, tabaka juu ya tabaka. Mwishoni likatokea tofali la kuchoma la baba mkwe. Lilikuwa limetota. Nililigusa kwa kidole, likaacha rangi nyekundu kama mkate uliochovywa kwenye chai.

"Unaona? Maji yalikuwa humo ndani muda wote," nikasema. "Yanataka kutoka, wewe unayafungia. Umemvalisha mgonjwa koti la mvua akiwa tayari ametota."

"Lakini koti lilikuwa zuri," akajitetea.

"Koti lilikuwa zuri sana."

Kwa hiyo maji hayakutoka juu, na hayakutoka chumbani. Yalipanda kutoka chini. Lakini chini wapi? Hapo ndipo nilipokwama. Mvua ilikata, jua likawaka vizuri, matope ya njiani yakawa vumbi. Hata zizi la mbuzi lilikauka, na mbuzi hawana adabu. Alhamisi asubuhi niliingia chumbani nikaweka kiganja ukutani. Kikatoka na maji.

Meshack alisema labda kuna chemchemi imefumka chini ya kitanda, na kama ndivyo, tumshukuru Mungu, tuweke bomba. Jirani mmoja, ambaye simtaji kwa sababu bado tunaazimana chumvi, alisema marehemu mzee anailia kahawa yake.

"Bernadi?" mama mkwe akashangaa. "Bernadi alikaa na mimi miaka yote hiyo bila kusema kitu. Leo ndiyo aanze kusema, tena kwa kupitia ukutani?"

Lakini lile neno la kahawa lilinishika.

"Mama, ukuta ulianza kulowa mwaka gani?"

"Mwaka huo huo tulipong'oa kahawa ya huku nyuma."

Alilisema hivi hivi, akichambua mchele. Na kweli, sote tulikuwa tunajua. Nyuma ya nyumba palikuwa na mibuni ya baba mkwe. Mzee alipofariki na serikali ilipoacha kusaidia bei ya mbolea na dawa, dawa ya kahawa ikawa ghali kuliko kahawa yenyewe. Mama mkwe alivumilia misimu michache, kisha akaing'oa yote kwa mkono wake, akalima ngoro.

Asiyetoka huku huenda hajaziona. Mlima wetu ni mkali, na mvua ingekwisha kuuteremsha wote ziwani kama si ngoro. Wanaume wanafyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana. Wanawake wanachimba udongo wa katikati na kuyafukia majani hayo, linabaki shimo, na pembeni yake matuta manne. Maharage yanapandwa juu ya matuta. Mvua ikija haikimbii na udongo, inaingia mashimoni na kukaa. Mlima mzima unaonekana kama sega la nyuki.

Na ngoro za Mama Notburga zilikuwa sega lililopangwa kwa rula. Wageni wa mradi fulani waliwahi kuja na gari kuzipiga picha. Walimsimamisha mama mkwe katikati na jembe lake, huku ukuta wa nyuma ukiwa pembeni ya picha, umelowa, na hakuna aliyeuona. Hata mimi nilikuwa namwambia akae wima.

Nilizunguka nyuma ya nyumba. Nilitafuta mahali pa kusimama nikakosa. Ngoro zilianzia juu kabisa mlimani, zikashuka mstari kwa mstari, na mstari wa mwisho uliegemea ukuta wenyewe. Tuta la mwisho lilikuwa limelala juu ya msingi kama paka. Mguu wangu ulizama mpaka kwenye kifundo, na hiyo ni baada ya siku kadhaa za jua.

"Mama," nikaita, "hapa kando ya ukuta hapakuwa na mtaro?"

"Ulikuwapo. Wa Bernadi."

"Uko wapi?"

"Niliufukia. Mtaro unaota maharage?"

Nilimwomba Meshack jembe. Nikachimba shimo kati ya ngoro ya mwisho na ukuta, la kina cha mkono wangu mpaka begani, tukakaa pembeni tukalitazama. Mwanzoni halikufanya lolote. Halafu upande wa juu, upande wa ngoro, udongo ukaanza kung'aa. Maji yakachuruzika, membamba kama uzi, yakatuama chini. Mpaka tulipokunywa uji, shimo lilikuwa limejaa nusu, na juu yetu anga lilikuwa jeupe bila wingu.

"Chemchemi!" akasema Meshack.

"Chemchemi ya jembe."

Mama mkwe alikuja akasimama juu yetu, mikono kiunoni. Alilitazama shimo. Alizitazama ngoro. Alinitazama mimi.

"Usiseme," akasema.

"Lazima niseme, Mama. Ni ngoro."

"Ngoro hazibomoi nyumba. Ngoro zinalisha nyumba. Wewe na watoto wako mmekula nini miaka hii yote?"

"Maharage, na mazuri. Lakini hizi ngoro zinakunywa mvua yote ya mlima. Halafu zinakojoa wapi? Kitandani kwako."

Meshack aligeuza uso akajifanya anatafuta mwiko.

Nikamweleza kinachotakiwa. Mistari ya chini ifukiwe mpaka mbali kidogo na ukuta. Mtaro wa mzee ufukuliwe upya, uwe wa kina, uanguke pande zote mbili mpaka korongoni. Lipu yote ya saruji itoke, tofali lipumue, halafu tupake udongo na chokaa. Vinginevyo Mansuetus yuko sahihi, na Jumamosi anapakia kitanda.

"Maharage yametoa maua," mama mkwe akasema.

"Nayaona."

"Mwanamke wa Kimatengo hafukii ngoro yenye maua. Hata mchawi hafanyi hivyo."

"Basi chagua, Mama. Maua au chumba."

Alinipa mgongo akaingia ndani. Kutwa ya Ijumaa hakunisemesha. Nilipeleka uji kutoka nyumbani kwangu, hapo jirani, akaupokea mjukuu. Nilipita mlangoni nikasema hodi, akamjibu mbuzi. Erasmo alitumwa kuzungumza na mama yake, akakaa naye jikoni mpaka mchana, akarudi.

"Amesemaje?"

"Amesema maharage yametoa maua."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikasema ndiyo, yametoa."

Jumamosi niliwasha moto mapema nikabandika sufuria kubwa ya chai, kwa sababu niliahidi. Pikapu ya Mansuetus ilisikika ikipanda kwa gia ndogo kabla haijaonekana. Alishuka na viatu vyake vya mjini, vijana wanne wakaruka kutoka nyuma na mitaimbo, kamba na turubai la kufunikia vyombo.

"Shemeji, habari za ukuta?"

"Maji nimeyapata yanakotoka. Tatizo si maji tena."

"Tatizo ni nini?"

"Mama yako."

"Hilo ni la siku nyingi," akasema, akaingia ndani kumtafuta. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, chumba kitupu. Tukasikia jembe upande wa nyuma.

Alikuwa amevaa koti la marehemu na kanga ameikaza kiunoni. Mstari wa ngoro uliogusa ukuta ulikuwa umekwisha, umefukiwa na kusawazishwa, na yeye alikuwa kwenye wa pili. Hakuwa akitumia jembe kwenye maharage. Aliinama, akang'oa shina moja kwa mkono, na maua yake meupe, akakung'uta udongo, akalilaza kwenye tenga kana kwamba linaumwa. Kisha shina jingine. Mikono yake yote miwili ilikuwa na tope mpaka kwenye viwiko.

Mansuetus alisimama. Vijana wake nao walisimama. Wote walikuwa watoto wa milimani, na hakuna aliyewahi kuona mtu mwenye akili timamu akifanya jambo lile.

"Mama," akasema polepole, "unafanya nini?"

"Si ulisema mnakuja kubomoa? Nimeanza bila ninyi."

"Haya maharage yana maua."

"Hilo neno nimelisikia tangu juzi, na mara nyingi nililisema mwenyewe. Njoo hapa." Akamwonyesha lile shimo langu. "Jana jioni nililikausha kwa kopo mpaka chini. Mvua haikunyesha. Asubuhi hii nimeingiza mkono, nimekuta maji. Mke wa ndugu yako ana mdomo mbaya, lakini shimo halina mdomo."

Mansuetus alichuchumaa, akainua suruali magotini isichafuke, akatia mkono shimoni. Ulipotoka alikuwa haangalii suruali tena. Alitazama mlima juu, mstari baada ya mstari, akateremka kwa macho mpaka ukutani.

"Na mtaro wa Baba?"

"Niliufukia."

"Kwa nini?"

"Nilitaka mstari mmoja zaidi."

Hapo Mansuetus akaanza kucheka. Alianza kwa pua, akajizuia kwa heshima, ikamshinda. Vijana nao wakapata ruhusa. Mama mkwe aliwaacha wacheke kidogo tu.

"Basi. Sasa sikiliza, Mansuetus. Kikohozi ni changu na nyumba ni yangu. Nipe mpaka mwisho wa kiangazi. Ukuta usipokauka nitapanda gari lako mwenyewe, bila kushikwa mkono, na nitanunua mboga. Nitawaomba wanipunguzie bei kama wenzangu."

Mansuetus hakutegemea kusikia hivyo. Na mimi sikutegemea.

"Ukikauka?"

"Ukikauka usinitajie tena hicho chumba chako. Na ukija uje kula."

"Sawa, Mama."

"Sawa nini? Vua viatu. Umekuja na watu wanne wenye nguvu na vyuma mikononi. Mnadhani mtaro utajichimba?"

Ndivyo watu waliokuja kuibomoa nyumba walivyochimba mtaro wake. Mansuetus hakuwa ameshika jembe tangu aanze kununua jasho la wenzake, na ilionekana. "Unalishika kama sahani ya harusi," mama yake alimwambia. "Sogeza mkono. Huo mwingine. Mungu wangu, huyu nimemzaa mimi?" Meshack alitembea mbele yao na pimamaji, akihakikisha mtaro unaanguka kuelekea korongoni, na kutoa amri kama mkandarasi wa barabara.

"Maji yanashuka!" alikuwa akipaza sauti. "Wamatengo, maji yanashuka! Mimi wa mchangani ndiye wa kuwaambia?"

"Wewe uliyeyafuata darini?" nikamuuliza. Akainama akapima upya mahali alipokwisha kupima.

Chai niliyoahidi waliinywa wakiwa na tope mpaka kwenye nyusi. Mama mkwe alilala kwetu majuma yale ya kwanza, akalalamikia mto, chakula, na jinsi Erasmo anavyokoroma, kana kwamba hakumlea yeye. Ukuta uliachwa uchi, madirisha wazi mchana kutwa. Tofali zilianza kubadilika rangi kuanzia juu. Kwanza nyekundu iliyoiva, halafu nyekundu hafifu, na mpaka wa unyevu ukawa unashuka taratibu. Kila asubuhi mama mkwe aliuwekea alama ya mkaa, na kila asubuhi aliuambia, "Shuka, shuka."

Msimu wa kahawa ulipofika Mansuetus alikuwa akipita mara kwa mara, na kila akipita aliingia moja kwa moja chumbani akaweka kiganja ukutani kabla hajatusabahi. Mara ya mwisho, upepo wa baridi wa Julai ukiwa umepuliza vya kutosha, alipapasa juu, akapapasa chini, akapiga magoti akapapasa nyuma ya mguu wa kitanda.

"Umepoteza nini humo?" mama yake akamuuliza. Alikuwa amesharudi kulala chumbani mwake, na mle ndani hakukuwa na harufu yoyote isipokuwa ya chokaa mbichi.

"Hakuna, Mama."

"Basi toka huko chini, ugali unapoa."

Alikula, akaaga, akaondoa pikapu. Hakutaja chumba. Nilimhesabia hilo kama kuomba radhi, maana kwa watu wa ukoo ule hiyo ndiyo lugha yao.

Nilidhani tumemaliza. Machi ya mwaka uliofuata nilitoka asubuhi kwenda kufungua kuku, nikakuta mama mkwe yuko mbele ya nyumba yangu, mahali nilipopanda nyasi na maua ya waridi. Erasmo alikuwa amekwisha kufyeka. Nyasi zangu zilikuwa zimelazwa chini kwa mistari inayokatana, na mama yake alikuwa anachimba shimo la kwanza.

"Mama! Hapo ni bustani!"

"Nilipoteza mistari yangu kwa neno lako," akasema bila kuinuka. "Ulidhani nitailima wapi? Kwenye mtaro?"

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anatazama panga lake.

"Angalau umepima kutoka ukutani?" nikauliza.

"Pima mwenyewe. Wewe si ndiye mwenye diploma?"

Nilipima kwa hatua, kutoka msingini mpaka tuta la kwanza. Umbali ulitosha kabisa, na upande wa chini alikwisha kuchora kwa ncha ya jembe mahali pa mtaro. Sikupata pa kulalamikia. Nikasimama pale, na funguo za banda la kuku mkononi.

"Sasa unasimama nini?" akasema. "Kalete mbegu. Zile zetu nyekundu, si za kununua Mbinga."